Bidii ya Mkurugenzi Isifunike Daftari la Hesabu

Imezuka desturi ya kumpima kiongozi wa kampuni kwa kipimo kimoja tu, nacho ni bidii isiyojua usiku wala mchana. Mkurugenzi akiwa halali, akiwa hasikii udhuru wa mtu, akiwa anamfukuza asubuhi yule aliyempongeza jana jioni, hawakosekani watu wa kusimama na kutangaza kwamba huyo ndiye kiongozi hasa, na kwamba wanaomlalamikia ni walegevu wasioijua kazi. Katika biashara ya burudani sifa hizo hukolezwa zaidi. Husemwa kwamba wasanii ni watoto, hawajui saa wala hesabu, na kwamba bila bwana mmoja mkali wa kuwasimamia wangeimba vichochoroni hadi wazeeke.

Hoja hiyo ni ya hatari kwa sababu nusu yake ni kweli. Ni kweli kwamba kazi kubwa haifanywi na mtu mlegevu. Ni kweli pia kwamba kipaji bila nidhamu ni kama shamba lenye rutuba lisilolimwa. Lakini nusu ya pili ni uongo mtupu, na uongo huo umewagharimu watu wengi jasho lao. Bidii ya kiongozi ni sifa ya kazi. Si hati ya kumruhusu kufunga daftari la hesabu mbele ya wale wanaomzalishia. Anayetaka ushahidi na autazame mji wa Detroit, nchini Marekani, na mtu mmoja aitwaye Berry Gordy, mwanzilishi wa kampuni ya santuri ya Motown.

MTU ALIYEIJUA KAZI

Gordy hakurithi kampuni wala hakuokota utajiri njiani. Alizaliwa Detroit mwaka 1929, mtoto wa saba kati ya watoto wanane wa wazazi Weusi waliohama kutoka jimbo la Georgia, kusini mwa nchi hiyo. Alipigana ngumi za kulipwa, akaitwa jeshini wakati wa vita vya Korea, akafungua duka la santuri za jazi ambalo lilifilisika, kisha akaingia katika kiwanda cha magari cha Lincoln-Mercury. Huko kiwandani aliona kila siku fremu tupu ya chuma ikiingia upande mmoja, ikapita katika mikono mingi, ikatoka upande wa pili ikiwa gari jipya linalong'aa. Akajiuliza kwa nini kijana asiyejulikana mtaani asiingie mlango mmoja na kutokea mlango wa pili akiwa mwimbaji anayejulikana dunia nzima.

Alianza kwa kutunga. Alishiriki kutunga nyimbo zilizomjengea jina Jackie Wilson mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini jasho la mtunzi lilikuwa likinywewa na wengine. Husimuliwa kwamba kwa santuri moja aliyoitayarisha, iliyouzwa na kampuni ya New York, aliletewa hundi ya dola 3 na senti 19. Rafiki yake kijana, Smokey Robinson, akamhimiza aanzishe kampuni yake mwenyewe. Januari 1959 Gordy aliiendea familia yake, iliyokuwa na mfuko wa pamoja wa akiba, akaomba mkopo. Alipewa dola 800. Hakupewa hivi hivi: alihojiwa, kisha akatia sahihi hati ya deni.

Jambo hilo lisisahaulike, maana ndilo ufunguo wa yote yaliyofuata. Motown ilizaliwa kutokana na uchungu wa mtunzi aliyepunjwa, na ikaanzishwa kwa fedha za watu waliodai maandishi.

Kwa mtaji huo mdogo ilinunuliwa nyumba ya kawaida katika barabara ya West Grand, namba 2648, ikageuzwa studio na ofisi, na ubaoni pakaandikwa Hitsville U.S.A. Mwisho wa mwaka 1961 wasichana wa kundi la Marvelettes waliiletea kampuni hiyo wimbo wake wa kwanza kushika nafasi ya juu kabisa katika orodha ya mauzo ya Marekani nzima. Kati ya mwaka 1964 na 1965 kundi la Supremes liliifikia nafasi hiyo kwa santuri tano mfululizo. Mwaka 1963 kampuni ilitoa santuri ya hotuba ya Martin Luther King aliyoitoa katika maandamano makubwa ya Detroit. Mwaka 1973 jarida la Black Enterprise lilipochapisha orodha yake ya kwanza ya makampuni makubwa yanayomilikiwa na Wamarekani Weusi, Motown ilishika nafasi ya kwanza.

Haya si mambo madogo. Katika nchi ambayo Mweusi alikuwa akizuiwa kuketi meza moja na Mweupe, mtu aliyetoka kwenye fremu za magari aliwafanya vijana wa rangi zote waimbe wimbo mmoja. Atakayelikana hilo ni mshindani wa ukweli.

MKUTANO WA IJUMAA

Siri ya mafanikio hayo haikuwa ukali peke yake, kama wasifuji wanavyodai. Siri ilikuwa utaratibu. Motown ilikuwa na idara ya kuwafunza wasanii. Maxine Powell aliwafundisha adabu na mwenendo mbele ya hadhara, Cholly Atkins akawafundisha kucheza jukwaani, na Maurice King akawanoa katika muziki. Kijana aliyetoka nyumba za kukodi za Detroit alifundishwa kutembea, kuketi na kuzungumza kana kwamba kesho yake angealikwa ikulu.

Juu ya yote hayo ulikuwapo mkutano wa kukagua ubora uliofanyika Ijumaa asubuhi. Saa ya kuanza ikishapita, mlango ulifungwa, na aliyechelewa alibaki nje hata kama jina lake lilikuwa kubwa. Santuri zilizorekodiwa juma hilo zilipigwa moja baada ya nyingine, na wajumbe wakazikosoa bila kuoneana haya. Gordy alikuwa akiwauliza swali linalojulikana sana: mtu aliyebakiwa na dola moja tu, na ana njaa, angenunua santuri hii au angenunua mkate? Kisha kura zilipigwa. Vijana wa umri wa miaka ishirini na ushei waliruhusiwa kumpinga mwenye kampuni mbele ya watu.

Mkutano huo ulikosea pia. Mwaka 1967 wimbo wa I Heard It Through the Grapevine kama ulivyoimbwa na Marvin Gaye haukupita, ukatolewa ule ulioimbwa na Gladys Knight na wenzake. Mwaka uliofuata santuri ya Gaye ilipotolewa hatimaye, ilikaa katika nafasi ya kwanza kwa majuma saba. Lakini kosa hilo halikuondoa hekima ya utaratibu wenyewe. Kiongozi aliyekuwa na uwezo wa kuamua peke yake alikubali kwamba sikio lake halitoshi, akayaweka maamuzi yake mbele ya masikio ya wenzake. Hapo alikuwa kiongozi kweli kweli.

Basi swali ni hili: mtu huyo aliyeuamini sana uwazi katika kuchagua nyimbo, kwa nini aliuogopa uwazi katika kugawa fedha?

SAHANI MOJA, WALAJI WATATU

Mwimbaji aliyeingia Motown alisaini mkataba na kampuni ya santuri. Kampuni iliyosimamia kazi zake, safari zake na mapato yake iliitwa International Talent Management, nayo ilikuwa mali ya Gordy pia. Nyimbo zilizotungwa ziliingia katika kampuni ya tatu, Jobete, ambayo Gordy aliipa jina kwa kuunganisha majina ya watoto wake watatu. Kwa hiyo mwajiri, msimamizi wa mwimbaji na mmiliki wa nyimbo walikuwa mtu mmoja. Yule aliyepaswa kugombana na kampuni kwa niaba ya mwimbaji alikuwa akilipwa mshahara na kampuni. Hali hiyo ni sawa na mahakama ambamo mshtaki, hakimu na wakili wa mshtakiwa wanakula sahani moja. Hata kama wote watatu ni watu wema, mshtakiwa hana mtetezi.

Wengi wa wasaini hao walikuwa vijana wadogo, na wengine walikuwa watoto. Stevie Wonder alipokelewa akiwa na umri wa miaka 11. Gharama za kurekodi zilikatwa katika mirabaha yao, na waliotaka kujua kilichobaki walitegemea maelezo ya wahasibu wa kampuni. Aidha, kwa miaka mingi Motown haikujiunga na chama cha makampuni ya kurekodi cha Marekani, ambacho hukagua hesabu kabla ya kutoa cheti cha santuri ya dhahabu. Ndiyo sababu santuri zake za miaka ya 1960, zilizosikika kila pembe ya dunia, hazikupata vyeti hivyo wakati ule. Kampuni iliyojivunia mauzo yake kuliko zote haikutaka mtu wa nje ayahesabu.

Walioumizwa zaidi na giza hilo ni wale ambao hata majina yao hayakuandikwa. Katika chumba cha chini cha nyumba ile, ambacho wapigaji wenyewe walikiita Shimo la Nyoka, kundi la mafundi wa ala waliojulikana kama Funk Brothers lilipiga muziki wa karibu kila wimbo uliotoka Detroit. Benny Benjamin alipiga ngoma, Earl Van Dyke alipiga kinanda, James Jamerson alipiga gitaa la besi. Waimbaji walibadilika, watunzi walibadilika, lakini mikono ilikuwa ile ile. Hata hivyo mnunuzi wa santuri alipougeuza mfuko wake hakuliona jina hata moja la mafundi hao. Walipobainika kwenda kupigia kampuni nyingine ili kuongeza kipato, walitozwa faini.

Mwaka 1972 Gordy alihamishia makao ya kampuni Los Angeles, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameshaelekea kwenye filamu. Kwa mafundi wale, husimuliwa, taarifa ilikuwa karatasi iliyobandikwa mlangoni. Zaidi ya miaka 10 ya kazi ikamalizwa kwa gundi. Mwaka 1983 kampuni ilipofanya onyesho kubwa la televisheni la kuadhimisha miaka 25, husimuliwa kwamba Jamerson alijinunulia tiketi, akaketi juu roshanini pamoja na watazamaji, akitazama sherehe ya muziki alioujenga kwa vidole vyake. Agosti mwaka huo huo alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 47. Ilipofika mwaka 2002 ndipo filamu ya kumbukumbu ilipowafanya walimwengu wengi wawajue yeye na wenzake.

WALIOBAKI NJIANI

Wasifuji wa ukali hupenda kusema kwamba waliolalamika walikuwa wavivu waliotupwa na kasi ya kazi. Na watazamwe basi hao wavivu.

Brian Holland, Lamont Dozier na Eddie Holland ndio watunzi na watayarishaji wa zile santuri tano za mfululizo za Supremes. Hakuna aliyefanya kazi nyingi zaidi yao katika nyumba ile. Walipodai sehemu ya haki katika matunda ya kazi yao na wasiridhike na majibu, waliacha kutunga. Mwaka 1968 kampuni iliwashtaki ikidai mamilioni ya dola, nao wakaishtaki kampuni kwa madai makubwa zaidi. Miaka iliyopaswa kuzaa nyimbo ikazaa mafaili ya mawakili.

Florence Ballard ndiye aliyekuwa kiini cha kuundwa kwa Supremes, tangu lilipokuwa kundi la wasichana wa shule. Mwaka 1967 aliondolewa, na kundi likabadilishwa jina ili Diana Ross atajwe mbele. Ni kweli alikuwa na matatizo ya afya na ya mahudhurio. Lakini mkataba wa kuachana ulimzuia hata kulitumia jina la Supremes kujitangaza. Alikwenda mahakamani akashindwa, akapoteza nyumba, akaishi kwa msaada wa serikali, na mwaka 1976 akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 32. Kampuni iliyomfundisha namna ya kuketi mbele ya wafalme haikumfundisha namna ya kusoma mkataba.

Barrett Strong aliimba wimbo wa Money wa mwaka 1959, ulioipatia kampuni changa fedha zake za kwanza za maana. Kumbukumbu za ofisi ya hakimiliki ya Marekani zinaonyesha kwamba jina lake liliandikishwa kuwa mmoja wa watunzi, likaondolewa miaka michache baadaye, likarudishwa mwaka 1987 na kuondolewa tena mwaka uliofuata. Upande wa Gordy ulieleza kwamba kumwandika hapo mwanzo kulikuwa kosa la makarani. Strong aliendelea kudai hadi uzeeni, akafariki dunia mwaka 2023 bila kuridhishwa. Nani aliyesema kweli si neno la kuamuliwa hapa. Lililo wazi ni kwamba mtu anaweza kuondolewa katika daftari na yeye mwenyewe asijue kwa miaka mingi. Daftari la namna hiyo halikuwekwa mahali ambapo mfanyakazi angeweza kulisoma.

Kisha wakaja vijana watano wa ukoo wa Jackson. Wanne kati yao waliondoka mwaka 1975 kwenda kampuni nyingine kutafuta mirabaha mikubwa zaidi na nafasi ya kutunga nyimbo zao. Waliliacha jina la Jackson 5, maana jina lilibaki kwa kampuni. Mtoto huondoka nyumbani na jina la baba yake. Vijana hao waliondoka wakaacha lao mlangoni.

UTETEZI USIOTOSHA

Wapo watakaojibu kwamba mikataba ya Motown haikuwa mibaya kuliko ya makampuni mengine ya wakati ule. Jibu hilo lina ukweli. Makampuni mengi ya wazungu yaliwapora waimbaji Weusi waziwazi, yakawapa gari la kung'aa badala ya mrabaha, na hayakuwafundisha lolote. Lakini je, Gordy alijenga nyumba yake ili awe sawa na waporaji hao? Mtu aliyeshika hundi ya dola 3 na senti 19 aliijua ladha ya kupunjwa. Aliyeonja shubiri hana udhuru wa kuinywesha jamaa zake akisema kwamba hata jirani huinywesha.

Wengine husema kwamba yeye ndiye aliyebeba hatari ya hasara, na kwa hiyo faida ilikuwa haki yake. Hapana anayekataa kwamba mwenye mtaji na akili ya kupanga kazi apate sehemu yake. Lakini mtaji ulikuwa dola 800, na waliokopesha walidai hati. Je, wale waliokopesha sauti zao, ujana wao na vidole vyao walistahili kupewa maelezo pungufu ya yale waliyopewa waliokopesha dola 800?

Yatazamwe pia mauzo ya mwisho. Mwaka 1988 kampuni ya santuri iliuzwa kwa dola milioni 61. Lakini nyimbo, zile zilizohifadhiwa katika Jobete, Gordy alibaki nazo. Mwaka 1997 aliuza nusu yake kwa kampuni ya EMI kwa dola milioni 132, na kufikia mwaka 2004 alikuwa ameuza zote kwa jumla ya zaidi ya dola milioni 300. Hesabu hiyo inafundisha kuliko hotuba kumi. Majengo, mashine na jina la kampuni vilikuwa ganda. Kiini kilikuwa nyimbo. Kiini hicho ndicho ambacho waliokizaa walielezwa kwa miaka mingi wasikiulize.

USHAHIDI WA MWAKA 1971

Hoja kubwa ya wapenda ukali ni kwamba milango ikifunguliwa kazi itaharibika: wasanii wataanza kuamua wenyewe, nidhamu itakufa, mauzo yataanguka. Hoja hiyo ilijaribiwa Motown penyewe, na ikashindwa.

Marvin Gaye, ambaye alikuwa shemeji yake Gordy, alitaka kuimba juu ya vita vya Vietnam, umaskini na ghasia za miji. Detroit yenyewe ilikuwa imewaka moto Julai 1967, na watu 43 walikuwa wameuawa. Gordy aliukataa wimbo wa What's Going On akihofia kwamba ungeiharibu biashara ya Gaye. Gaye akagoma kurekodi kitu kingine chochote. Januari 1971 wasimamizi wa mauzo waliitoa santuri hiyo bila ridhaa ya Gordy, ikauzika kwa kasi iliyomlazimisha Gordy mwenyewe kutaka albamu nzima. Albamu ilipotoka Mei mwaka huo, majina ya wapigaji ala yaliandikwa kwenye mfuko wake, jambo ambalo Motown haikuwa imelifanya kabla. Haikuonekana kwamba kuandika majina ya wafanyakazi kulipunguza hata mnunuzi mmoja.

Mwezi huo huo Stevie Wonder alitimiza umri wa miaka 21, na mkataba aliosainiwa utotoni ukakoma. Hakusaini mpya kwa haraka. Alikwenda na wakili, akadai mamlaka juu ya muziki wake na sehemu kubwa zaidi ya mapato yake, akapewa. Yaliyofuata yanajulikana na kila mpenda muziki. Katika tuzo za Grammy za mwaka 1974, 1975 na 1977 albamu zake zilichaguliwa kuwa albamu bora za mwaka. Zote tatu zilitolewa na Motown. Kampuni haikufa kwa kumpa mfanyakazi haki yake. Ilipata kwake sifa ambayo haikuwa imeipata wakati alipokuwa mtoto aliyewekewa fedha zake na wengine.

Kwa upande wa pili, mwaka 1975 Gordy alipotofautiana na mwongozaji Tony Richardson katika filamu ya Mahogany, alimwondoa, akaketi mwenyewe katika kiti cha mwongozaji ingawa hakuwa amewahi kuongoza filamu. Wakosoaji wengi hawakuipenda filamu hiyo. Ndivyo ilivyo bidii ikikosa mtu wa kuipinga. Mtu yule yule aliyepigiwa kura na vijana wake siku za Ijumaa mjini Detroit, na akatoa kazi safi, alipofika mahali pasipokuwa na mkutano wa Ijumaa alijikwaa.

FUNZO

Sauti ya Detroit ilivuka bahari nyingi. Dar es Salaam nayo iliufahamu muziki wa soul, na mnamo Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani ulipoupiga marufuku mjini humo, mabishano yalihusu utamaduni wa taifa na mwenendo wa vijana. Mabishano hayo yalikuwa na mahali pake. Lakini kila santuri, iwe ya kigeni au ya nyumbani, ina suala jingine ndani yake, nalo ni la kazi na ujira: nani aliimba, nani alitunga, nani alipiga, na nani alilipwa. Suala hilo halikupitwa na wakati santuri zilipopitwa na wakati.

Gordy amepewa heshima nyingi, ikiwamo Nishani ya Taifa ya Sanaa ya Marekani na, mwaka 2021, heshima ya Kennedy Center. Alitangaza kustaafu mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 89. Heshima hizo alizistahili kwa alichojenga. Wapo wasanii wake, Smokey Robinson akiwa mbele yao, waliomtetea daima na kumwita rafiki. Wala hapana haja ya kumgeuza kuwa shetani. Kosa si kumsifu. Kosa ni kuisifu bidii yake na kuinakili pamoja na giza lake, kana kwamba giza ndilo lililoipa nguvu.

Anayesimamia bendi, studio, kikundi cha maigizo au kampuni ya filamu, na anayetaka kujifunza kwa mtu huyo, anayo mambo mawili ya kuchagua. Anaweza kuuchukua mkutano wa Ijumaa: mlango unaofungwa kwa wakati, kazi inayokosolewa bila woga, kura inayomfunga hata mkubwa. Au anaweza kuchukua sahani moja ya walaji watatu: mkataba usiosomwa, msimamizi anayelipwa na mwajiri, na daftari lisilofunguliwa. Jambo la kwanza ndilo lililoijenga Motown. La pili ndilo lililowatoa watu wake mmoja mmoja hadi nyumba ya West Grand ikawa makumbusho.

Na wasanii nao wasidanganyike na ukarimu wa bwana. Zawadi, sifa na karamu si mrabaha. Kabla ya sahihi, mkataba usomwe na mtu asiyelipwa na kampuni. Baada ya sahihi, hesabu idaiwe kila msimu, kwa maandishi, bila aibu. Familia ya Gordy ilimpenda mwana wao, na bado ilimtaka atie sahihi kwa dola 800. Hawakumtukana kwa kufanya hivyo. Walimheshimu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kiongozi ambaye bidii yake ni ya kweli hana sababu ya kuogopa kulifungua.